UZI: Kumhoji mtu anachokiamini bila kumvunjia heshima

MwalimuWaUsa (mleta uzi)

Wakuu, kwema? Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni.

Nafundisha kemia sekondari, nimeolewa na ninaishi Maji ya Chai, Arumeru. Kazi yangu na mahali ninapoishi vinanikutanisha kila mara na watu ninaowapenda wanaoamini mambo nisiyokubaliana nayo: wakwe, wazazi wa wanafunzi, majirani. Na kila Desemba, watu wakipanda kutoka Dar kuja kula sikukuu, naona vijana waliosoma wakiharibu jambo lile lile. Mjomba anaongea, kijana anadakia: "Hiyo si kweli, hakuna ushahidi." Mjomba ananyamaza. Kijana anadhani ameshinda. Kesho yake mjomba anaamini vile vile, ila hatamwambia tena yule kijana anachowaza.

Naandika kwa sababu jambo hili linaumiza watu. Mtoto anakatwa kimeo, mgonjwa anaacha dawa, mtu anauza shamba kwa ujumbe uliosambazwa kwenye simu. Kunyamaza ili tusionekane wakorofi kuna gharama, na kuropoka nako kuna gharama.

Msimamo wangu ni huu: usianze na jibu la mtu, anza na njia aliyoipitia kulifikia. Mwulize amejuaje, mwambie wewe unaonaje na kwa nini, kisha mkubaliane mapema ni kipimo gani kitaonyesha nani amekosea. Kipimo akikichagua yeye, matokeo ni yake pia. Chuki inaingia pale mwenzako anapoona kwamba wewe umeshamaliza kufikiri, na yeye peke yake ndiye anayetakiwa kubadilika.

Nitoe mfano wa nyumbani. Maji mengi ya ukanda huu wa Mlima Meru yana madini ya floraidi kwa wingi, kwa sababu yanapita kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4 kwa maji ya vijijini kwa kuwa vyanzo vingine havikuwepo, na Arumeru kuna chemchemi zinazopita hapo kwa mbali. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya fizi, meno yanatoka na madoa ya kahawia. Yakizidi sana, mifupa nayo inaathirika, miguu inapinda. Waliokulia Usa, Tengeru, King'ori wanajua ninachosema.

Mama mkwe wangu alikuwa na imani mbili. Ya kwanza, meno ya kahawia ni ya ukoo wao. Ya pili, maji yakichemshwa yamemaliza shida zote. Hii ya pili aliipata kwa jasho: amelea watoto wengi enzi za kuhara na kipindupindu bila kuzika hata mmoja, na alijua sababu ni sufuria ile ya maji ya kuchemsha. Kwa vijidudu yuko sahihi kabisa, na nilimwambia hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Floraidi ni habari nyingine. Haina uhai kwamba ife kwa moto, na haipandi na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo yanayobaki sufuriani yamekolea zaidi.

Tulikuwa jikoni tunachambua maharage, sisi wawili tu. Nikamuuliza kama watoto wake wote wana meno ya namna moja. Akafikiri. "Yule wa pili hapana. Yule alilelewa Tanga kwa shangazi yake, amerudi huku anaingia kidato cha kwanza." Sikuongeza neno, nikaendelea na maharage. Baada ya muda akasema mwenyewe, "Na damu ni ile ile."

Siku nyingine nikamuuliza, "Mama, tukitia chumvi kwenye maji tukayachemsha mpaka yabaki nusu, chumvi inakwenda wapi?" Akajibu bila kusita: "Inabaki. Mchuzi ukikauka si unazidi chumvi?" Nikamwambia wazi: "Shuleni nafundisha kwamba kinachotia meno madoa kiko upande wa chumvi, hakiko upande wa vijidudu. Ila hapa nyumbani sijapima. Mama unaona tutajuaje?"

"Si yapimwe. Mabichi na ya kuchemsha."

Kipimo kimetoka kinywani mwake, ndiyo maana kilikuwa na nguvu. Tulipeleka chupa mbili, na majibu ya yale ya kuchemsha yalikuwa juu kuliko mabichi. Leo watoto wa nyumba hii wanakunywa maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi, na bado tunayachemsha, maana kwenye kuchemsha mama hakukosea.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 2002, wa Rozenblit na Keil, unaoeleza kilichotokea pale jikoni. Watu waliulizwa wanaelewa kiasi gani vitu wanavyovitumia kila siku: zipu, kufuli, cherehani. Walijipa alama nzuri. Kisha wakaambiwa waeleze hatua kwa hatua kitu hicho kinavyofanya kazi, halafu wajipime tena. Alama zikashuka. Hakuna aliyewaambia kwamba hawajui, wamejiona wenyewe wakiwa wanaeleza. Ndiyo maana kumwambia mtu "nieleze inavyokwenda" kunazaa zaidi ya kumwambia "umekosea". Na hata wewe unayeuliza, jaribu kujieleza kwanza peke yako. Utashangaa.

Nawasikiliza.

---

Kijana wa Ngarenaro

Uzi mzuri mwalimu. Ila mama mkwe ni mmoja na mko jikoni wawili. Kwetu baba mdogo anatupia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo ujumbe kwamba dawa ya presha inaua figo, waache, watumie majani fulani. Grupu lina watu wengi na bibi yumo, na bibi anatumia dawa ya presha. Nikijibu mle ndani nimemvunjia heshima baba mdogo. Nisipojibu, bibi ataacha dawa. Nafanyaje?

---

MwalimuWaUsa

Mdogo wangu, hapo kuna kazi mbili, usizichanganye.

Ya kwanza ni bibi, na ni ya leo. Mpigie simu, au bora uende: "Bibi, dawa usiiache kabla hujaongea na daktari wako." Hapo hakuna falsafa ya maswali.

Ya pili ni baba mdogo, na huyo usimhoji kwenye grupu hata kwa maneno ya asali. Mbele ya ukoo mzima hawezi kusema "kumbe", kwa sababu akisema hivyo amepoteza kitu kikubwa kuliko hoja ya dawa. Mfuate nyumbani. Mwulize ujumbe umetoka wapi, na nini kimemfanya auamini. Mara nyingi nyuma ya ujumbe wa namna hiyo kuna mtu: rafiki aliyekuwa na presha akaishia kusafishwa figo. Hilo tukio ni la kweli, na uchungu wake ni wa kweli. Sasa mwulize: kati ya presha na dawa, ni kipi kilitangulia kuharibu figo, na tungetofautishaje? Presha isiyotibiwa yenyewe ni moja ya sababu kubwa za figo kufa. Anayeona wagonjwa wa figo wametumia dawa za presha anaona kweli, ila hajawaona wale waliotumia dawa na figo zao ziko salama, kwa kuwa hao hawalazwi. Akielewa hilo, mwombe yeye ndiye aandike kwenye grupu. Mpe nafasi ya kuwa ndiye aliyeuliza daktari na kuleta majibu.

---

Mzee wa Kibosho

Binti mwalimu, salamu. Nimesoma yote. Mimi ni mtu mzima na nitasema bila kupindisha.

Hayo maswali yenu sisi wazee tunayatambua. Kijana anakuja, anakaa, anauliza kwa upole "mzee, umejuaje?", na jibu analo mfukoni. Anakuongoza kama mwendesha mashtaka anavyomwongoza shahidi, mpaka useme alichotaka useme. Mimi afadhali yule anayenipinga usoni. Huyo angalau ameniheshimu kwa kuniambia anachowaza.

---

Fundi wa Himo

Naunga mkono hoja ya mzee, kwa sababu nyingine. Ukweli ni ukweli. Mtu akiambiwa ukweli akakasirika, hasira ni yake. Tunabembeleza watu mpaka lini? Na nimesikia kwamba ukimpa mtu ushahidi ndiyo anazidi kung'ang'ania. Kama ni hivyo, haya mazungumzo yote ni kupoteza muda.

---

MwalimuWaUsa

Mzee wangu, shikamoo. Umegusa penyewe.

Swali ambalo muulizaji hayuko tayari kusikia jibu lake ni mtego, na kila mtu mwenye akili anaunusa. Socrates wa Athene, ambaye tunamtaja kila tunapozungumzia kuhoji, alikuwa hodari wa maswali kuliko yeyote kati yetu, na mwaka 399 kabla ya Kristo wenzake walimshtaki wakamhukumu kunywa sumu. Mashtaka yalikuwa kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana, na siasa za wakati ule zilichangia. Lakini mwenyewe alikiri mbele ya wazee wa baraza kwamba alijipatia maadui kwa kuwahoji watu wenye majina, na kwamba vijana walifurahia kusikiliza wakubwa wakihojiwa. Tuzingatie hilo la vijana kufurahia. Swali linaloulizwa mbele ya watazamaji lina kazi mbili, na moja kati ya hizo ni kumuumbua mtu.

Kwa hiyo mimi nina masharti yangu kabla ya kuuliza. Nasema kwanza ninachoamini, kama nilivyomwambia mama kuhusu chumvi, ili asije akagundua baadaye kwamba nilikuwa nimeficha. Naeleza hoja ya mwenzangu kwa maneno yangu mpaka aseme "ndivyo". Na kubwa kuliko yote, nasema ni kitu gani kingenibadilisha mimi. Kama maji yale ya kuchemsha yangerudi na floraidi pungufu, ningelazimika kurudi darasani na jibu jipya, na mama alilijua hilo kabla hatujapeleka chupa. Kama huna jibu la "nini kitanibadilisha", basi mzee ana haki: sema unachotaka kusema, usijifanye unauliza.

Fundi, nakujibu kwa daktari mmoja, Ignaz Semmelweis. Mwaka 1847, hospitali kuu ya Vienna, aliona wodi ya wazazi inayohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao ina vifo vingi kuliko ile ya wakunga. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini. Mwezi Aprili vifo vilikuwa zaidi ya 18 kwa kila wazazi 100. Baada ya kuanza kunawa vikashuka mpaka karibu 2. Ushahidi ulioje! Lakini alichelewa sana kuuandika, kitabu kilitoka mwaka 1861, na alipoona hakukubaliwa akaanza kuwaandikia maprofesa wakubwa barua za wazi akiwaita wauaji. Alifariki 1865, na wengi hawakuwa wamemsikiliza. Sisemi ni lugha yake tu iliyowafunga masikio: nadharia ya vijidudu ilikuwa bado, hakuweza kueleza kwa nini klorini inafanya kazi, na ni vigumu daktari kukubali kwamba mikono yake mwenyewe imeua. Ila barua zile ziliwapa sababu ya kutazama matusi badala ya takwimu. Wakati huo wazazi waliendelea kufa.

Na hilo la ushahidi kumfanya mtu ang'ang'anie: utafiti uliolitangaza ni wa Nyhan na Reifler, 2010. Baadaye Wood na Porter walijaribu tena kwa watu zaidi ya 10,000 na mada nyingi, na karibu hawakuliona. Watu wengi wakipewa taarifa sahihi wanasogea kidogo kuielekea. Kwa hiyo usiogope kuleta ushahidi. Ulete, ila usiulete kama rungu.

---

Nesi wa Pasua

Nimefurahi kimeo kimetajwa. Nipo kwenye zahanati hapa Moshi, acha niseme ninachokiona.

Mtoto anakohoa wiki mbili, bibi anasema kimeo kimerefuka, kinagusa ulimi, kikatwe. Wakikata kwa kisu cha kienyeji nawapokea mimi: damu haikatiki, au usaha, na pepopunda nayo ipo. Zamani tulikuwa tunawafokea, na wakawa hawaji mpaka hali imekuwa mbaya.

Sasa nafanya hivi. Namwita bibi, namwashia tochi, namwambia atazame mwenyewe koo la mtoto anayekohoa. "Bibi, unaona urefu huo?" Halafu namwomba jioni nyumbani awapange wajukuu wengine wasiokohoa, awatazame mmoja mmoja. Anakuta mwenye kirefu, mwenye kifupi, na wote wazima. Bibi anarudi na swali lake mwenyewe: "Mbona wa fulani ni kirefu na hakohoi?" Hapo ndipo tunaanza kuongea kifua, pumu, moshi wa jikoni, kifua kikuu. Tulichokuwa hatufanyi ni kuwaonyesha wasio wagonjwa. Mtu akitazama koo la mgonjwa peke yake, kimeo kitakuwa na hatia siku zote.

Ila jamani: mtoto anapumua kwa kasi, mbavu zinaingia ndani, hanyonyi, hapo sina maswali wala kubembeleza. Ni rufaa muda huo huo, bibi atanichukia baadaye.

---

MwalimuWaUsa

Dada nesi, umeeleza vizuri kuliko mimi. Wasomaji, turudie hapo kwenye kuwatazama wasio wagonjwa, ndipo penye uzito wa jambo zima.

Darasani natumia zoezi la mtaalamu wa saikolojia Peter Wason, la London mwaka 1960. Naandika ubaoni 2, 4, 6. Nawaambia namba hizi zinafuata kanuni moja niliyonayo kichwani, wanitajie namba tatu nyingine nami nitawaambia kama zinafuata au hapana, mpaka wawe na hakika ya kanuni. Wanasema 8, 10, 12. Ndiyo. 20, 22, 24. Ndiyo. Wanapaza sauti: namba shufwa zinazoongezeka mbili mbili! Hapana. Kanuni ni namba yoyote inayopanda tu. 1, 7, 300 ingefaa. Hawaioni kwa sababu kila namba waliyojaribu ilikuwa ya kuthibitisha walichokwisha kukiamini. Hakuna aliyejaribu 9, 5, 1.

Wanafunzi wale si wajinga, na watu wazima wa Wason wengi nao waliangukia hapo hapo. Mimi na wewe tuko vivyo hivyo, na ndiyo maana tunahitajiana. Wewe utaona haraka namba ambayo mimi sikuijaribu.

---

Mzee wa Kibosho

Marahaba binti. Nimeridhika na jibu lako, hasa hapo kwenye kusema mwenyewe kitakachokubadilisha. Sasa nami nitoe langu.

Mwaka 2011 nilikwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kunywa kikombe cha dawa cha Babu. Mke wangu alikuwa na kisukari. Wadogo hamkumbuki: magari foleni ya kilomita na kilomita, watu kutoka Kenya na kwingine, wakubwa na wadogo, kikombe shilingi 500. Babu huyo alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, dawa yake ya mti wa mugariga, neno lake kwamba ameoteshwa na Mungu. Wengine walifia njiani na kwenye foleni wakisubiri.

Wanangu waliosoma walinicheka. Mmoja akalia kwenye simu. Hakuna aliyeniuliza chochote. Angeniuliza angekuta kwamba mimi na mama yao tulikwishaelewana: tunakunywa, tunamshukuru Mungu, dawa za hospitali haziachwi mpaka kipimo cha sukari kiseme. Tulirudi, tukapima, sukari ilikuwa ile ile, tukaendelea na dawa. Shilingi 500 haikuwa kitu, nauli ndiyo iliyotuumiza.

Lakini wapo majirani walioacha dawa. Na kanisani walisimama waliojisikia nafuu wakatoa ushuhuda. Waliokufa hawakusimama. Mimi nililiona hilo nikiwa nimekaa kwenye benchi na sikujua namna ya kulisema bila kuonekana nampinga Mungu. Mngekuja na swali la "ukirudi utajuaje kama umepona?", ningelipeleka kwa wenzangu, maana hilo halimpingi Mungu. Hata wale wenye ukoma katika Injili waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani.

---

MwalimuWaUsa

Mzee, asante sana. Nakala ya maneno haya nitawasomea wanafunzi wangu, kwa ruhusa yako.

Umeonyesha jambo ambalo wengi wetu tunalikosa: tunamwona mtu kwenye foleni tunadhani tunajua kichwani mwake kuna nini. Kumbe ndani ya foleni ile kulikuwa na wenye uhakika, wenye kukata tamaa, waliofuata mgonjwa wao kwa upendo tu, na wewe uliyekuwa na kipimo chako tayari.

Na swali la "utajuaje kama umepona" linagusa sukari kwenye damu, haligusi kama Mungu anaponya. La kwanza lina mashine. La pili mtu amelibeba maisha yake yote, na sioni sababu ya kumnyang'anya ili tukubaliane kuhusu vidonge.

---

Dada wa Majengo

Hapo hapo mwalimu. Mimi ni Mwislamu, nina ndugu zangu Usa River. Walipelekewa habari ya chujio la mifupa la kuondoa floraidi. Wakakataa, wakaitwa wabishi wasioelewa sayansi. Wanaelewa sana! Wanauliza mifupa ni ya mnyama gani na amechinjwaje. Hakuna aliyewajibu.

---

MwalimuWaUsa

Dada yangu, huo mfano naomba kila mtu ausome mara mbili. Chujio hilo linatumia mifupa iliyochomwa kwenye joto kali, hasa ya ng'ombe, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeifanyia kazi njia hiyo kwa miaka mingi. Inaondoa floraidi vizuri. Lakini swali la ndugu zako halikuwa "inafanya kazi?", lilikuwa "ni halali kwangu?", na mtu akikujibu la kwanza wakati umemuuliza la pili amekudharau hata kama anatabasamu. Hapo hakuna imani ya kurekebisha. Kuna taarifa ya kutoa: mnyama gani, machinjio gani, na shehe wao anasemaje. Na wakisema bado hapana, maji ya mvua yapo, hayana mfupa ndani yake.

Ningeongeza magadi. Wengi huku tunatia magadi kwenye makande na maharage ili yaive haraka, na magadi yetu nayo yana floraidi. Ukibadilisha maji ukaacha magadi, umefanya nusu ya kazi. Ila ukienda kwa bibi na kumwambia chakula chake kina sumu, umemaliza. Loweka maharage usiku kucha, pika bila magadi, mpelekee bakuli, halafu ndiyo muongee.

---

Fundi wa Himo

Nimesoma tena. Semmelweis amenigusa, sikuwa namjua. Bado nasema kuna watu hawataki kujua, hata uwaulize kwa heshima gani.

---

MwalimuWaUsa

Wapo, fundi. Muulize mtu "kuna kitu chochote ambacho kingekufanya ubadili mawazo?" Akijibu "hakuna", mshukuru na muongee mengine. Ameshakwambia kwamba imani hiyo haikuja kwa ushahidi, na haitaondoka kwa ushahidi. Pengine inashika ndoa yake, au ushirika wake, au kumbukumbu ya marehemu baba yake. Endelea kwenda kumsalimia. Siku akiwa na swali lake mwenyewe atajua pa kulipeleka, kwa sababu hukumgeuza kuwa kichekesho.

---

Kijana wa Ngarenaro

Nimekwenda kwa baba mdogo jana. Kweli kulikuwa na mtu: rafiki yake wa kazini. Tumekaa sana. Amekubali twende wote kliniki ya bibi wiki ijayo amuulize daktari mwenyewe. Grupu bado hajaandika kitu. Swali moja la mwisho: nyumbani tunatumia kisima, kwenye kupima floraidi sampuli inachukuliwaje?

---

MwalimuWaUsa

Chupa safi ya plastiki, si ya kioo. Isuuze mara kadhaa kwa maji yale yale ya kisima, kisha ijaze. Kama ni bomba au pampu, acha maji yatiririke kwanza. Andika juu yake chanzo na tarehe. Ukitaka kulinganisha na ya kuchemsha, pima ulianza na lita ngapi zikabaki ngapi, yaache yapoe ndiyo ujaze. Peleka maabara ya maji ya Wizara hapo Arusha, na ukiweza pima kiangazi na masika, maana majibu yanaweza kutofautiana. Nenda na baba mdogo.